Mbegu Kwenye Kona ya Godoro

Godoro ninalolalia halikatwi. Nalisema hili mapema, ili anayesoma kwa kutafuta dhahabu aishie hapa hapa, akaendelee na shughuli zake.

Mke wangu alikuwa fundi wa magodoro ya sufi. Mimi ni seremala wa vitanda. Watu walizoea kututania kwamba mimi nawapandisha na yeye anawalaza. Tulifanyia kazi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, chenye mlango mpana wa mbao. Upande wa kushoto misumeno na randa zangu, upande wa kulia sufi yake. Katikati tuliacha njia ya kupita, na maranda yangu hayakuruhusiwa kuvuka njia hiyo. Yakivuka aliyafagia akayarudisha kwangu bila neno. Ndoa yangu yote nimefagiliwa maranda miguuni.

Sufi ni kitu chepesi, ukipumua vibaya inaondoka. Alijifunga kitambaa mdomoni, akapasua matunda yake makavu, akaichambua kwa vidole, na mbegu akazitia kwenye kopo. Wengine wa kazi hii huipiga kwa fimbo tu, mbegu zinazobaki zibaki, mteja atazijua mwenyewe mgongoni. Yeye alichambua kwa mkono. Nilikuwa namaliza kitanda kizima, miguu na kichwa na vanishi, yeye bado yuko kwenye godoro la kitanda hicho hicho.

"Mteja anasubiri," namwambia.

"Alale kwenye mbao zako. Si umemsifia kutwa."

Ndivyo tulivyokuwa tukiongea. Hatukuwa watu wa maneno matamu.

Shule mimi niliiona kwa nje. Herufi alinifundisha yeye, kwa chaki ya kuchorea kitambaa, juu ya mbao zangu. Aliandika, nikasoma, nikakosea, nikasoma tena. Nikishaijua ananiambia, "Haya, piga randa." Herufi inatoka na maranda membamba, ubao unakuwa safi, anaandika nyingine. Kuna watu mtaani wanalalia vitanda nilivyojifunzia kusoma na hawajui.

Kila godoro alilitia alama yake. Zile mbegu za kwenye kopo, nyeusi, ndogo kama pilipili manga, alichota kiasi, akazifunga ndani ya kitambaa, akapata kifundo cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Kifundo hicho alikishonea ndani ya kona, upande wa kichwani, mkono wa kulia. Alisema godoro lina kichwa na lina miguu, na pale ulipoweka nyayo jana usije ukaweka uso leo. Taa zikizimika unatandika gizani, unapapasa kona, unajua kichwa kiko wapi. Hakuwa na siri na jambo hilo. Kila mteja alimwambia, na mtaa mzima ulijua ni mbegu. Watu wakihama nyumba utawasikia wanamwambia mbebaji, "Tanguliza upande wa mbegu."

Kitu kingine alichokuwa nacho ni hadithi. Kuchambua sufi ni kazi ya kukaa, na wanawake wa mtaani walipenda kuja kukaa naye. Wao walichambua, yeye alisimulia. Vitabu alisoma vya kuazima, popote alipovikuta, na hadithi nyingine alitunga mwenyewe. Moja najua ni yake kabisa, maana mwisho wake haukufanana mara mbili.

Ilikuwa ya tajiri aliyeshonea dhahabu yake ndani ya godoro. Siku ya kwanza akalala vizuri. Akaongeza nyingine, godoro likaanza kuwa gumu. Akaongeza tena. Likawa jiwe. Mwishowe tajiri hawezi tena kulilalia na hawezi kuliacha, kwa hiyo analala chini sakafuni, ubavuni mwa kitanda, mkono umeshika mguu wa kitanda asije akaibiwa. Hapo mke wangu ananyamaza, anachambua kidogo, watu wanangoja. Mwisho ulitegemea nani yupo. Kama kwenye kikao kuna mchoyo anayejulikana, tajiri alipata baridi ya sakafu akafa. Kama kuna watoto, tajiri alichoka, akapasua godoro mwenyewe, akagawa, akalala siku mbili mfululizo.

"Kwenye vitabu mwenye tamaa lazima apate chake mwishoni," aliniambia siku moja. "La sivyo msomaji ataona ameibiwa."

"Na huku nje?"

"Huku nje anapewa kiti cha mbele."

Yeye ndiye alikuwa mkubwa kwao. Mama yao alipofariki aliachiwa wadogo wawili, wa kiume na wa kike, akawalea kwa sindano. Nilipomwoa nilioa mmoja nikapata watatu. Nikatengeneza vitanda, akatengeneza magodoro ya mabaki ya vitambaa, wakalala, wakakua. Wa kiume ni dalali wa viwanja sasa, mtu wa shati lililopigwa pasi na simu mbili. Wa kike, mdogo wake wa mwisho, aliolewa vizuri, ana duka la vipodozi. Sina neno baya juu ya kukua kwao. Nilikuwa nafurahi nikiwaona.

Mama yao aliacha bangili za dhahabu na mkufu. Mke wangu ndiye aliyevitunza, akivivaa kwenye harusi. Baadaye havikuonekana tena. Wadogo zake walimuuliza, akawajibu, "Viko mahali salama." Hakuongeza. Akishafunga mdomo alikuwa kama mshono wake mwenyewe, huoni pa kuingiza ukucha.

Alipoanza kuumwa alisema godoro letu limelala, limekuwa karatasi, hawezi kufa juu ya kitu anachokionea aibu. Akataka kushona jipya. Nikamwambia apumzike. Akaniuliza nani atamshonea, mimi na msumari? Basi alishona. Alichambua amelala kiubavu, mikono ikichoka anaiweka kifuani, ikipata nguvu anaendelea. Alipofika kwenye kona, shazia, ile sindano ndefu ya magodoro, haikupita. Nguvu zilikuwa zimemwishia. Nikasukuma mimi kutoka chini, yeye akavuta juu. Kifundo cha mbegu hakikukazwa vizuri, kikawa kikubwa, karibu yai la njiwa.

"Kifumue tukirudie," nikasema.

"Kiache. Hili letu, halina mteja wa kulalamika."

Hakulilalia sana. Alifia juu yake, asubuhi, nikiwa nimemshika mguu. Hayo yanatosha.

Tulimzika. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, kisha wakarudi makwao. Binti yetu, ambaye ameolewa mji mwingine, alibaki kunisaidia. Shemeji zangu nao walibaki. Niliona ni upendo.

Asubuhi moja nilikwenda kurudisha mabenchi kwa jirani yangu, fundi viatu. Nikiwa nakaribia nyumbani nikasikia kitambaa kikichanwa. Kitambaa cha godoro ni kizito, kina sauti yake, huwezi kukosea. Nikaingia dukani, kwenye kile chumba cha mbele. Hewa yote ilikuwa nyeupe. Sufi ilikuwa inaelea juu ya vitanda vyangu, imeshika kwenye vanishi ambayo haijakauka. Magodoro ya wateja, aliyokuwa ameyamaliza na yanangoja kuchukuliwa, yamepasuliwa kona zote. Dalali alikuwa ameshika kisu changu cha gundi. Mdogo wake amepiga magoti sakafuni, anachagua mbegu kiganjani, moja moja, nywele zake zimejaa sufi. Ghafla alifanana na dada yake. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Shemeji, mnafanya nini?"

"Tunasafisha kidogo," akasema dalali.

"Hizo ni mbegu."

"Tunaona."

"Mlijua ni mbegu. Dada yenu aliwaambia."

Mdogo wake akainua uso. "Alituambia kwenye kona ni mbegu, shemeji, na bangili za mama akatuambia ziko mahali salama. Sasa hapo mahali salama ni wapi? Tumepekua kabati, tumepekua masanduku. Hatujaona salama yoyote."

Kumbe kabati na masanduku yalishapita. Mimi nilikuwa nabeba mabenchi.

"Mtu akitaka kuficha dhahabu atasema dhahabu?" dalali akauliza. "Atasema mbegu. Mimi maneno ndiyo kazi yangu, shemeji. Mwenye kiwanja cha maji hakuambii kina maji. Anakuambia kina upepo mzuri."

"Na ile hadithi yake," mdogo wake akadakia. "Godoro, dhahabu, godoro, dhahabu, tangu niko mdogo. Mtu haimbi wimbo mmoja maisha yake yote bure."

"Ile ni hadithi."

"Ndiyo maana," akasema, kana kwamba nimemkubalia.

Nikaona macho ya dalali yanakwenda kwenye mlango wa chumba cha kulala. Magodoro ya dukani yalikuwa yamekwisha. Lilibaki moja.

Mimi ni mzee, goti langu moja linagoma. Lakini ile njia ya katikati nimeipita maisha yangu yote, na miguu inaijua. Dalali alikatiza kupitia upande wa kulia, akakanyaga mbegu alizomwaga mwenyewe. Mbegu za sufi kwenye saruji ni kama shanga. Akateleza, akashika meza yangu, akashusha randa mbili. Alipojikusanya mimi nilikuwa nimeshaingia chumbani na nimeketi juu ya godoro, kwenye kona ile ile.

"Inuka, shemeji."

"Nimekaa."

"Tunaongea kama watu wazima."

"Ongea. Nimekaa."

Akabadilisha sauti, akaleta ile ya wateja. "Tutakununulia la sponji. La kisasa. Mgongo wako utatushukuru."

"Mgongo wangu haujaja kwako kulalamika."

"Basi tukate pale penye kona tu. Padogo. Tukikuta mbegu tunashona."

"Nani atashona?"

Aliyekuwa akishona tulikuwa tumemzika wiki ile.

Mdogo wake alikuwa amezunguka upande wa ukutani. Akapenyeza mkono nyuma yangu, taratibu, akapapasa. Nikahisi vidole vyake vinakishika kifundo, vinakiachia, vinakishika tena.

"Kaka," akasema kwa sauti ya mtu aliye karibu na mgonjwa. "Hiki ni kikubwa."

Dalali akasogea na kisu.

Hapo ndipo binti yangu alipotokea mlangoni, ametoka uani kuosha vyombo, mikono inachuruzika. Akatazama sufi kwenye nywele za mama yake mdogo, akatazama kisu cha mjomba wake, akanitazama mimi nilivyokaa.

"Baba, kuna nini?"

"Wanataka kukata godoro la mama yako."

"Tunataka haki," mama yake mdogo akasema. "Na yako imo humo humo, mwanangu, usidhani tumekusahau."

Nilingoja binti yangu awafukuze. Ni mkali, amefanana na mama yake. Akaitazama ile kona. Akajifuta mikono kwenye kanga, polepole, kama anatafuta la kufanya nayo.

"Baba," akasema, "kwani kweli hamna kitu?"

Wale wawili sikuwashangaa sana. Yeye nilimshangaa. Nimemwona akizaliwa juu ya godoro la mkono ule ule.

Kulikuwa na jambo ambalo mke wangu alinikataza kulisema. Aliniambia nisiliseme hata akifa, asije mdogo wake wa kiume akashindwa kuinua uso mbele za watu. Nilikubali. Siku ile nikalisema. Mimi na yeye tutaelewana nikifika.

"Bangili ziliuzwa," nikasema. "Na mkufu. Viliuzwa kwa ajili yako, dalali."

"Kwa ajili yangu vipi?"

"Uliuza kiwanja cha mtu aliye hai. Ukamwambia mnunuzi kwamba mwenye kiwanja kafariki. Marehemu akaja na polisi. Ulikaa rumande mpaka ndevu zikaota, kisha siku moja kesi ikafutwa, kwa sababu mnunuzi alirudishiwa chake chote. Hukujiuliza kilirudi kwa miguu ya nani?"

Uani bomba lilikuwa linadondoka, binti hakulifunga vizuri.

Nikamtazama dalali. Nilikuwa nangoja. Nimesoma vitabu vichache, vingi nimesomewa, na najua hapo mtu hufanya nini. Hupiga magoti. Huangusha kisu. Husema dada, dada, nisamehe. Nilikuwa nimejiandaa kabisa kumwinua.

Dalali akapangusa sufi begani. Akafikiri.

"Kesi ile haikuwa kubwa hivyo," akasema. "Bangili zile zilikuwa nzito. Lazima kuna kilichobaki."

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu msiba, na wao wakadhani nimechanganyikiwa. Nilikumbuka kiti cha mbele.

Aliyeliokoa godoro siku ile sikuwa mimi. Mdogo wake alikuwa amesimama akipiga hesabu zake kichwani, na sasa zilikuwa zimetoka.

"Ngoja kwanza, kaka," akasema. "Kama vya mama viliuzwa kukutoa wewe, basi nusu yangu umeila wewe."

"Nimeila wapi? Mimi nilikuwa ndani."

"Nusu yangu ndiyo iliyokutoa ndani."

"Sikumtuma."

"Kutoka ulitoka. Ulikataa kutoka? Nusu yangu iko wapi?"

"Mdogo wangu, hapa si mahali pake."

"Mahali pake ni pale utakaponilipa."

Walitoka hivyo hivyo, wanapokezana, mpaka barabarani. Watu wakatoka milangoni. Kisu changu aliondoka nacho. Nilibaki nimekaa. Binti yangu akachukua fagio akaanza kufagia duka, mbegu kwenye kopo, sufi kwenye gunia, maranda akayasukuma upande wangu. Hakuomba radhi na mimi sikumdai. Jioni alipika, tukala, akalala chumba chake cha zamani. Kesho yake akaniaga, akarudi kwa mumewe.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo.

Yale maneno yalitoka nje na wale wawili, na barabarani yakaota miguu. Mwanzo yalikuwa dhahabu ya familia. Kisha yakawa mke wangu alikuwa akishonea watu dhahabu kwa siri. Mtu aliyeishi na kona yake ya mbegu miaka na miaka, anayejua ni mbegu, aliyeambiwa ni mbegu na aliyezishona, akaanza kuipapasa upya. Fundi viatu alikuja kukaa kwangu, akavua kofia.

"Jirani, leo mke wangu kaniamsha nimeshuka kitandani sijui nimeshukaje. Kashika kisu. Nikajua yangu yamefika."

"Kumbe?"

"Kumbe anataka kona. Akakata."

"Akapata nini?"

"Mbegu. Sasa anasema labda dhahabu imo kwenye godoro la kwa mama yake."

Basi wakaanza kuja. Walibeba magodoro yao wameyafunika shuka kama wanapeleka mgonjwa. Wote walikuwa na maelezo. Mmoja panya. Mmoja mtoto kachezea wembe. Mmoja lilikwama kwenye msumari, tena akanitazama kwa lawama, maana kitanda ni changu. Nikageuza godoro, nikaona mkato umenyooka kama rula, kwenye kona, kichwani, mkono wa kulia.

"Panya wako anajua kichwa kiko wapi," nikamwambia.

"Siku hizi panya wajanja, mzee wangu."

Niliwashonea. Kazi hiyo sikuwa naijua. Nilijifunza kwa kufumua mishono yake na kuona uzi umepitaje. Shazia ilinitoboa vidole mpaka nikawa nashika msumeno kwa shida. Mbegu nikazirudisha mahali pake, kila godoro na kifundo chake. Hakuna aliyeona haya. Mama mmoja alipapasa kona nikiwa bado nakata uzi, akasema naona zimepungua. Nikamuuliza alizihesabu lini.

Na mimi je? Nilisema mwanzo halikatwi, na nimeshikilia hivyo. Lakini mchana mmoja, mvua inanyesha, hakuna mteja, niliingia chumbani kutandika. Nikapapasa kona nijue kichwa. Mkono haukutoka. Nikakishika kile kifundo, nikakibonyeza. Kikubwa. Sauti ikaniambia, siku ile ya kushona ulitoka kwenda kumletea maji, ulikaa nje kiasi gani? Sauti ilikuwa yangu, maneno ya dalali. Mimi nilikuwapo wakati wa kushona. Nilisukuma sindano kwa mkono huu. Nilimwona akizichota zile mbegu kwenye kopo na kuzifunga. Na bado nilikuwa nimekwenda kuichukua shazia, ncha imeshagusa uzi.

Goti likanigomea. Nikajikuta nimekaa chini, sakafuni, ubavuni mwa kitanda, na ili nisianguke nimeshika mguu wa kitanda.

Nikakaa hivyo nikijitazama. Tajiri kamili. Kilichopungua ni dhahabu tu.

Nikainuka. Shazia nikaichomeka dirishani kwenye mbao. Nikapanda kitandani na viatu vyangu, jambo ambalo angekuwapo lisingewezekana, nikalala juu ya godoro langu mpaka mvua ikakatika. Nililala vizuri. Ni godoro zuri sana. Amelichambua amelala kiubavu na hakuacha mbegu hata moja nje ya kona.

Dalali alirudi mwezi uliofuata. Alikuja na godoro lake, alilozawadiwa na dada yake siku ya harusi, mistari ya buluu. Kona zote nne zilikuwa wazi, na tumbo pia. Hata shuka hakulifunika.

"Shemeji, nasikia unashona."

"Nashona."

"Hili nalo."

"Hili sishoni."

Akadhani natania. "Watu wote umewashonea."

"Watu wote walikata kona yao. Wewe ulikata ya wateja wa marehemu, kwa kisu changu, na sufi ilikuwa bado inaelea ukataka na ya kitandani kwake."

"Sasa mimi nilale wapi?"

"Sakafu unayo."

Uso ukamkauka. Fundi viatu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi langu, akaanza kutazama kiatu chake kwa makini.

"Unajivunia nini, mzee?" dalali akasema. "Umekaa juu ya mali, unavaa shati moja. Hujui kutumia na hutaki wenzako watumie. Wewe ndiye mchoyo wa kwanza hapa."

"Nimekaa," nikamwambia.

"Hutakaa milele. Mimi nina subira. Nitangoja."

"Ngoja. Lakini usingojee kwangu, unanizuia mwanga."

Akaondoka na godoro lake kichwani, sufi inamdondoka njia nzima. Watoto wakawa wanaiokota na kuipuliza. Nasikia alinunua la sponji. Analala vizuri, wananiambia, anakoroma. Mdogo wake hamsalimii bado, anadai nusu. Hakuna aliyepata baridi ya sakafu akafa. Biashara ya viwanja inakwenda, na kwenye harusi ya juzi alikaa kiti cha mbele. Nilimwona. Nami nilikuwa nyuma, nimeegemea ukuta, nimevaa shati hilo moja.

Binti yangu amekuja tena, safari hii bila kuitwa. Alipofika hakukaa upande wangu. Alikwenda upande wa kulia, akajifunga kitambaa mdomoni, akavuta gunia, akaanza kuchambua. Mikono mizito, lakini itajifunza. Tulifanya kazi muda mrefu.

"Baba," akasema, "yule tajiri, mwisho wake ni upi?"

"Nani yupo hapa?"

"Mimi na wewe."

"Basi hajafika mwisho. Bado amelala sakafuni, ameshika mguu wa kitanda."

Akachambua. Kisha akaingia chumbani. Nikamsikia anatandika, shuka inapigwa hewani, inatua. Pakawa kimya kidogo, kiasi cha mtu kupapasa kona na kuondoa mkono. Akarudi, akakaa, akaendelea na gunia lake. Nimemwambia godoro lile ni lake siku nitakapoondoka, zima kama lilivyo, na mjomba wake akija na subira yake amkalishe nje.

Siku hizi tunashona wawili. Kifundo cha mbegu nimekiongeza. Nakifunga kama ngumi ya mtoto, na kitambaa chake chekundu kinaonekana kwa nje. Wateja wanalalamika kinaumiza shingo. Nawaambia wasogee. Mwenye hamu ya kukata akate. Kopo limejaa mbegu na shazia iko dirishani.

Langu halikatwi.